Namna ya kuandaa mashindano ya pamoja ya yoti na ngalawa jijini Tanga

Klabu ya yoti iliyopo Ras Kazone, jijini Tanga, ina majirani ambao tanga na usukani ndiyo riziki yao ya kila siku: wavuvi wa Deep Sea, Sahare, Chongoleani na Mwambani. Kwa hiyo klabu inayotaka siku ya mashindano ambayo jamii yote itaihesabu kuwa yake isianze kwa kutafuta Jumamosi iliyo wazi katika kalenda ya ukutani. Ianze na mwezi wa angani, kwa kuwa mvuvi hupanga kazi kwa mwezi, na tarehe iliyopangwa bila kuutazama itawakuta wanachama peke yao majini.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapowaka taa hupoteza nguvu yake, hivyo wengi wao hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Siku za mwezi mpevu ndizo zinazofaa kuwaalika. Siku hizohizo huwa ni za bamvua, ambapo maji ya Tanga hupwa sana karibu saa nne asubuhi na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, kwa tofauti inayoweza kuzidi mita 3. Asubuhi hiyo akina mama na vijana wako miambani wakitafuta pweza, na ngalawa nyingi zimekaa juu ya matope. Mashindano ya saa tatu asubuhi yatawakosa hao wote. Panga yaanze saa nane mchana, maji yakiwa yanajaa, watu wakiwa wamerudi, na jua likiwa bado limebaki la kutosha kumaliza. Kumbuka kwamba maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukihamisha shughuli kutoka Jumamosi kwenda Jumapili, tazama upya jedwali la maji. Ijumaa iache kabisa.

Kuhusu msimu, mimi huona Januari na Februari kuwa bora, kwa sababu kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, huwa imetulia na alasiri huvuma vizuri. Kusi, upepo wa kusini, ya Juni na Julai huchafua bahari, na haina sababu ya kujaribiwa na vyombo vidogo. Hata katika msimu mzuri, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku mbili kabla na tena asubuhi yenyewe. Ikitolewa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ahirisha bila kujadiliana na mtu.

Tarehe ikishapatikana katika mawazo ya kamati, isitangazwe bado. Nendeni madikoni, yaani kwenye vituo vya kushushia samaki, ana kwa ana, mkaanze kwa viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe) na manahodha wazee, na mseme wazi kwamba mmekuja kuomba siku: “Shikamooni wazee wetu. Tunafikiria Jumamosi ya mwezi mpevu. Je, siku hiyo mna shughuli gani?” Kama wana harusi au khitma, watasema hapo hapo, na tarehe ibadilike. Baada ya hapo ndipo barua ziende kwa ofisi ya bandari na polisi wanamaji. Tangu bandari ichimbwe hadi kina cha mita 13, meli kubwa hufunga gatini, na njia yao isiguswe na mashindano.

Njia ya mashindano ndiyo sehemu inayohitaji fikra zaidi. Kwa upepo wa kaskazi, mstari wa kuanzia uwe mbele ya Ras Kazone na boya la kwanza liwe upande wa Ulenge, mbali na miamba ya kisiwa, likitiwa nanga penye mchanga. Yoti hubisha, yaani huenda dhidi ya upepo kwa kukata pande, kwa kupitisha omo (sehemu ya mbele) kwenye upepo, na hugeuka katika nafasi ndogo. Ngalawa haifanyi hivyo. Nahodha huiachia ikimbie na upepo, baharia mmoja hulegeza demani (kamba ya kuvutia tanga), mwingine huizungusha foromali (mti unaoshika tanga) mbele ya mlingoti, kisha tanga hujaa tena upande wa pili, na muda wote huo chombo kimekwenda mbali na pale kilipoanza kugeuka. Kwa hiyo achieni nafasi kubwa kuzunguka boya, na muweke sharti kwamba penye boya yoti huipisha ngalawa. Afadhali zaidi, ngalawa zianze kwanza na yoti zifuate baada ya dakika 10, kila kundi likiwa na mshindi wake. Kuzipima pamoja kwa hesabu za muda huleta ugomvi usio na faida.

Ishara za kuanza ziwe zile za kawaida za mashindano ya kimataifa: bendera na honi dakika 5 kabla, kisha 4, kisha 1, kisha kuondoka. Zielezwe kwa Kiswahili ufukweni, na zifanyiwe jaribio moja kila nahodha akiwa anatazama.

Kila baharia avae jaketi okozi, hata bingwa wa kuogelea. Karani aandike majina wakati vyombo vinaondoka na ayahakiki vinaporudi. Asiyeonekana atafutwe mara moja. Boti mbili za injini zikae majini zikiwa na redio kwenye chaneli 16, na manahodha wakumbushwe kwamba chombo kikipinduka, watu wakishikilie wala wasiogelee kuelekea pwani.

Zawadi zitangazwe mapema na ziwe vitu vinavyofanya kazi: kitambaa cha tanga, kamba, nyavu halali. Kila ngalawa iliyoshiriki ipate posho, maana wapo walioacha mshipi siku hiyo. Chakula kipikwe na mama lishe wa jirani, na pombe isiwepo mahali pa kugawia zawadi, kwa kuwa wageni wengi ni Waislamu na familia zao zitakuwepo.

Matokeo yabandikwe jioni hiyohiyo kwenye ubao wa klabu, na nakala ipelekwe sokoni Deep Sea na kwenye kila diko lililoshiriki. Katika taarifa ya klabu, ngalawa ziandikwe mwanzo: jina la chombo, nahodha, diko na nafasi yake, pamoja na wale waliofika mwisho. Ndani ya wiki moja kamati irudi madikoni na picha, isikilize malalamiko, ilipe ndubi (mbao za pembeni za kuizuia ngalawa isipinduke) au mlingoti uliovunjwa kwa kugongwa na yoti, na iulize ni mwezi mpevu upi wa msimu ujao utakaowafaa.