Jinsi ya Kuchagua Siku Njema ya Harusi ya Kichina

Kazi yangu ni kupanga harusi Guangzhou. Wanaonipa taabu zaidi ni wanaokuja wakiwa wameshalipia ukumbi. Ukumbi huja mwisho, jamani.

Hatua ya 1: Kusanya tarehe za kuzaliwa. Za maharusi wote wawili, na saa kama mama anaikumbuka. Uliza pia miaka ya wazazi wa pande zote. Kila mwaka wa Kichina una mnyama wake, naye ndiye nyota ya mtu aliyezaliwa mwaka huo. Waangalie vizuri waliozaliwa Januari na Februari. Aliyezaliwa 15 Januari 1996 si Panya bali ni Nguruwe, maana mwaka wa Panya uliingia 19 Februari. Ukikosea hapa, yote yanayofuata ni bure.

Hatua ya 2: Chuja mwaka na miezi. Mwezi wa saba wa mwandamo ni wa mizimu, wazee hawataki hata kuusikia. Qingming, mwanzoni mwa Aprili, ni ya kuzuru makaburi. Wapo pia wanaokwepa mwaka usioangukiwa na Lichun, siku ya kuingia majira ya kuchipua, karibu na 4 Februari. Huuita mwaka wa mjane. Mwaka wa Mbuzi, unaoanza 6 Februari 2027, ni mmojawapo. Binafsi nisingeahirisha harusi kwa hilo tu, lakini bibi yake bwana harusi akikataa, usibishane naye.

Hatua ya 3: Fungua Huangli. Hii ndiyo kalenda ya siku njema na siku za nuksi. Ipo ya kitabu na ya simu. Kila siku ina orodha mbili: 宜, yanayofaa, na 忌, ya kuepukwa. Tafuta 嫁娶, yaani ndoa, kwenye 宜. Usiishie hapo, kwani siku njema kwa wengine yaweza kuwa nuksi kwenu.

Hatua ya 4: Ondoa siku zinazogongana na nyota zenu. Wanaogongana ni Panya na Farasi, Ng'ombe na Mbuzi, Simbamarara na Nyani, Sungura na Jogoo, Joka na Mbwa, Nyoka na Nguruwe. Kila siku ina mnyama wake, na mzunguko ni wa siku 12. Bi harusi akiwa Panya na bwana akiwa Jogoo, futa siku zote za Farasi na za Sungura. Familia nyingine hufuta na zinazogongana na wazazi. Hapo kalenda hubaki nyeupe, na mnajimu huitwa.

Hatua ya 5: Saa. Siku ina vipindi 12 vya saa mbili mbili. Saa tano asubuhi hadi saa saba mchana ni kipindi cha Farasi, basi huyo bi harusi Panya asichukuliwe kwao wakati huo.

Hatua ya 6: Peleka tarehe mbili tatu kwa wakwe. Kwa desturi ya kale, upande wa mume ndio hupeleka tarehe kuomba ridhaa ya upande wa mke. Wakikubali, lipia ukumbi.

Vijana wakiing'ang'ania 20 Mei, tarehe ya wapendanao huko, waandikishe ndoa serikalini siku hiyo. Karamu ni jambo jingine, na inaweza kungoja siku ya wazee.