Hesabu parasetamoli yako kabla ini halijaumia

Mimi ni muuguzi, nauza dawa karibu na soko la Kadutu, hapa Bukavu. Wateja wangu wengi ni akina mama wabeba mizigo, wale wanaopandisha magunia mlimani kwa kamba ya kichwani. Jioni wanakuja na alama ya kamba kwenye paji la uso: «Docta, nipe kinini ya mgongo.» Kabla sijafungua kabati nauliza: tangu asubuhi umekunywa nini, mama? Jibu linatoka kwenye fundo la kitenge: plaketi iliyobaki vidonge viwili, na kakaratasi kenye vidonge vya rangi tatu vya sokoni. Ninayowafundisha pale mezani ndiyo haya.

Geuza plaketi usome maandishi madogo, jina kubwa liache. Doliprane ni parasetamoli, Efferalgan vilevile. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, na vidonge vingi vya mgongo vinaichanganya na dawa nyingine za maumivu, diclofénac au ibuprofène. Tafuta neno paracétamol. Kwenye dawa aliyoleta ndugu kutoka Kanada huenda imeandikwa acétaminophène, na ni kitu kilekile. Kidonge kilichofungwa kwenye karatasi bila jina, kitupe. Huwezi kuhesabu usichokijua.

Kisha jumlisha miligramu zote za saa 24. Mtu mzima mwenye afya asivuke 4,000, yaani vidonge 8 vya 500, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4. Ukiwa mwembamba wa chini ya kilo 50, au unakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kila siku, au umekaa siku kadhaa bila kula vizuri, au una hepatitisi, mimi sikuvushi 2,000 kabla daktari hajakuona. Mtoto hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Wa kilo 10 anapata 150. Mpimie kwa sirinji, na usome chupa kila mara, kwa sababu sirapu ya miligramu 120 na ile ya miligramu 250 kwa mililita 5 zinaweza kufanana sana.

Sehemu kubwa ya parasetamoli ini linaibadilisha na kuitoa kwa mkojo bila shida. Sehemu ndogo inageuka sumu inayoitwa NAPQI, na ini lina akiba ya glutathioni inayoifunga mara moja. Vidonge vikizidi, akiba inaisha. Njaa na pombe ya kila siku huwa zimekwisha kuipunguza. Sumu iliyobaki inaharibu mitokondria zinazoipa seli nguvu, seli inakufa, na vilivyomo ndani vinamwagika.

Hapo kinga ya mwili inaingia. Seli za Kupffer, yaani seli za kinga zinazoishi ndani ya ini lenyewe, zinayatambua mabaki hayo na kutoa ishara. Seli nyeupe za damu zinafika kwa wingi, neutrofili kwanza, monositi baadaye. Aliyeona moto Kadutu atanielewa: nyumba za mbao zimebanana, majirani wanakimbilia kuzima, na wakati mwingine wanabomoa nyumba ambayo haijashika moto. Kesho yake ni wao hao wanaozoa mkaa ili mwenye kiwanja ajenge upya. Kinga inaleta uvimbe na inaweza kuongeza jeraha, lakini pia inaondoa seli zilizokufa na kusaidia mpya zikue. Watafiti bado wanabishana ni kiasi gani cha jeraha kinatokana nayo.

Kwa hiyo usikimbilie dekisametazoni, dawa inayopunguza uvimbe, ukidhani utaituliza kinga. Wengi hapa wanayo nyumbani kwa sababu wanainywa wanenepe. Haitibu ini lililoumizwa na parasetamoli.

Diclofénac inahitaji tahadhari ya namna nyingine, kwa sababu kuhesabu hakukukingi. Kwa watu wachache sana, mabaki ya dawa hiyo yanashikamana na protini za ini na kinga inaziona kama kitu kigeni, kisha inalishambulia ini. Inaweza kutokea kwa dozi ya kawaida, mara nyingi baada ya wiki au miezi. Ukiona macho ya njano, mkojo kama chai nyeusi, kuwashwa mwili au kichefuchefu kisichoisha, acha dawa siku hiyohiyo na uende ukapimwe damu, malaria na ini pamoja. Ikithibitishwa ni diclofénac, usiirudie tena maishani. Kinga hukumbuka, na mara ya pili inaweza kuja haraka na kwa ukali zaidi.

Sasa, ukigundua umezidisha parasetamoli. Siku ya kwanza huenda usisikie kitu, au utapike kidogo tu kisha upate nafuu. Usiuamini utulivu huo. Maumivu chini ya mbavu za kulia huja siku ya pili au ya tatu, na ini huharibika zaidi kati ya saa 72 na 96. Dawa yake, N-asetilisisteini, inarudisha glutathioni. Ikianza ndani ya saa 8 inalinda ini karibu kabisa, na hata ukichelewa bado inasaidia, kwa hiyo nenda tu.

Usimpe mgonjwa maziwa wala mafuta, wala usimtapishe kwa vidole. Chukua plaketi zote, hata tupu, na uandike saa ya kidonge cha kwanza na cha mwisho, pamoja na uzito wake. Nenda hospitali kubwa, siyo kituo kidogo cha mtaani. Mwambie muuguzi wa mapokezi neno parasetamoli na idadi ya vidonge kabla hujaeleza jambo lingine. Wakisema N-asetilisisteini ya sindano haipo, waulize ile ya unga inayouzwa kwa kikohozi: molekuli ni hiyohiyo. Ila kipimo chake kwa sumu ya parasetamoli ni miligramu 140 kwa kila kilo kuanzia, kisha 70 kila saa 4, mara 17, na wao ndio watakaoipima. Farmasi nyingi za hapa mjini zina mifuko hiyo, basi mtume mtu akaitafute wakati daktari anamwangalia mgonjwa.