Jinsi ya kuwaonyesha jamaa zako "The Gay Divorcee"

Kabla hujawasha sinema hii ya dansi ya 1934, ya bibi anayetafuta talaka, waeleze watu habari ya sheria. Mimi huwaonyesha shangazi zangu na majirani hapa Mombasa, na swali la kwanza huwa lile lile: "Kwani huyu bibi hana Kadhi wa kumwendea?" Waambie Uingereza ya wakati ule, kabla sheria haijabadilishwa mwaka 1937, kuchokana hakukutosha kuvunja ndoa, karibu kila mara ilibidi uzinzi uthibitishwe mahakamani. Basi watu walikodi chumba cha hoteli pamoja na mtu wa kufumaniwa naye. Ndivyo wakili anavyompangia bibi wetu, anayeigizwa na Ginger Rogers. Mwanamume wa kukodiwa, Tonetti, atajulikana kwa maneno ya siri, lakini mwigizaji mwenzake, Fred Astaire, ambaye amempenda bibi huyu na hajui lolote, anayatamka kwa bahati tu, na bibi anamdhania ndiye aliyekodiwa. Hapo simamisha kidogo, uhakikishe kila mtu amenasa.

La pili ni miguu. Picha hii ilipigwa karibu mraba, na televisheni za siku hizi hupenda kuivuta ijae kioo chote. Ikikuzwa hivyo, juu vinakatwa vichwa na chini vinakatwa viatu, na Astaire mwenyewe alitaka mchezaji aonekane mwili mzima, kamera isirukeruke. Ingia kwenye mipangilio, chagua 4:3, uache weusi pembeni. Ukitumia projekta na shuka, litundike juu, ukingo wake wa chini upite vichwa vya waliokaa mbele.

Wakati wa wimbo na dansi ya "Night and Day" nyamazisheni simu. Tazameni jinsi Rogers anavyotaka kuondoka na Astaire anavyomzibia njia kwa hatua za dansi, mpaka mwili wake bibi unaanza kumjibu kabla moyo haujakubali. Sijaona posa nzuri kuliko hiyo kwenye sinema.

Chai itoe baada ya hapo. Kivuli cha karatasi kinachozungushwa juu ya gramafoni kumhadaa Tonetti kisimpite mtu jikoni, kwa sababu "The Continental" inafuata, dansi ya zaidi ya robo saa, na wimbo wake ndio wa kwanza kabisa kupata Oscar ya wimbo bora. Wengine husogeza mbele katikati yake. Rimoti kaa nayo wewe.