Jinsi ya kupata hela ya kujenga jumba la sanaa na mikutano la jiji, na deni lisije likawameza

Watu wakishapata wazo la kujenga jumba la sanaa na mikutano wanakimbilia swali moja tu, hela ya kujenga itatoka wapi. Mi naomba uanze na lingine: mwaka wa 10 nani atakuwa analipa umeme? Kama hilo halina jibu basi mkopo usiuguse kwanza, maana kujenga mnajenga mara moja ila kuendesha ni kila siku ya Mungu.

Chukua kalenda ya mwaka mzima, ya karatasi tu, ujaze siku kwa mkono. Kundi la ngoma likipiga shoo Ijumaa na Jumamosi, Alhamisi imeshaliwa na kushusha mizigo na kufunga taa na spika, Jumapili wanafungua vitu vyao, yaani usiku 2 wa tiketi umekula siku 4 za ukumbi. Halafu mikutano mikubwa inashika tarehe miaka kadhaa kabla wakati shoo nyingi zinakuja zimebakiza miezi tu, kwa hiyo kama ukumbi ni mmoja kwa kazi zote mbili kuna upande utakuwa unakosa nafasi kila msimu. Tena mkutano unataka sakafu bapa ya kupanga meza, tamthilia inataka viti vilivyopanda kwa ngazi, na viti vya kukunja na kuficha vipo ila ni ghali kununua na ghali kutunza. Ukimaliza kalenda ndo unajua siku ngapi zitaleta hela kweli, toa mishahara, bima, ulinzi, usafi na viyoyozi (hivi vinakula umeme vibaya sana), na mara nyingi utakuta pengo. Usiogope pengo, kumbi nyingi za sanaa duniani hazijiendeshi kwa tiketi na pango peke yake, ila liandike kwa namba na madiwani walione mapema.

Sasa ndo tuje kwenye hela ya kujenga. Usitegemee mfuko mmoja.

Majiji mengi yanauza hati fungani, yaani jiji linakopa kwa wawekezaji na kulipa polepole kwa miaka 20 au 30. Piga hesabu mwenyewe usisubiri wataalamu: milioni 100 kwa riba ya asilimia 6 kwa miaka 25 ni karibu milioni 7.8 kila mwaka, ukijumlisha yote unakuwa umelipa kama milioni 196. Hiyo milioni 7.8 lazima iwe na chanzo chenye jina. Kinachotumika sana ni tozo kwenye vyumba vya hoteli, na ina haki yake, wageni wa mikutano ndo wanaojaza hizo hoteli. Ila usikope mpaka shilingi ya mwisho ya tozo, kama deni linataka 100 kwa mwaka hakikisha tozo inaingiza 140 au 150, maana mwaka 2020 hoteli zilikauka ndani ya wiki chache na tozo zikakauka nazo, deni lenyewe halikusubiri mtu.

Kuna wafadhili pia. Walt Disney Concert Hall, ukumbi wa muziki wa Los Angeles kule Marekani, ilianza na dola milioni 50 za Lillian Disney, mjane wa Walt Disney, mwaka 1987, lakini milango ilifunguliwa 2003, miaka 16 baadaye! Zawadi kubwa inafungua njia tu, haijengi jumba lote. Ukianza harambee usitangaze siku ya kwanza, zunguka kimyakimya kwa wale wachache wenye uwezo, ukishapata nusu au zaidi ndo uite wananchi, watu wanachangia kitu wanachokiona kinaenda. Na ahadi sio hela, mtu akiahidi atalipa kwa miaka 5 na mkandarasi anataka malipo mwezi ujao, inabidi uwe na mkopo wa kuziba hapo katikati na riba yake iwe kwenye bajeti.

Hapa naomba unisikilize vizuri: kila mfadhili anataka jina lake ukutani na karibu hakuna anayetaka kulipa bili ya maji. Kwa hiyo kwenye kila ombi weka sehemu ya mfuko wa wakfu, mfuko ambao mtaji hauguswi mnatumia faida tu. Wakfu wa milioni 20 mkichota asilimia 4 unawapa laki 8 kila mwaka, na hiyo ndo inaziba lile pengo la kwenye kalenda.

Bahati nasibu nayo imewahi kufanya kazi, Sydney Opera House imelipiwa kwa kiasi kikubwa na bahati nasibu ya jimbo. Ila Sydney hiyo hiyo walianza kujenga 1959 michoro haijakamilika, makadirio yalikuwa dola milioni 7 za Australia, wamemaliza 1973 kwa milioni 102. Hamburg ya Ujerumani nao na Elbphilharmonie, ukumbi wao wa muziki, mwanzoni jiji lilihesabu kutoa euro milioni 77, mpaka inafunguliwa 2017 jiji limetoa milioni 789, mkataba ulisainiwa michoro bado inabadilika. Kila badiliko baada ya saini ni bili mpya.

Kwa hiyo michoro iishe kwanza, tenga asilimia 10 mpaka 15 ya dharura ambayo mbunifu haruhusiwi kuigusa kwa ajili ya marumaru nzuri zaidi, na siku ya kupiga kura peleka karatasi mbili mbele ya baraza kwa pamoja, ya gharama za ujenzi na ya pengo la kila mwaka na nani analiziba. Wakipitisha ya kwanza wakaiweka ya pili kiporo, usisaini mkataba, rudini mezani mpaka ya pili nayo ipite.