Jinsi ya Kulirudisha Barabarani Gari Lililokaa Miaka Mingi: Mwongozo kwa Wakazi wa Moshi

Gari lililokaa miaka mingi chini ya migomba huko Kibosho au Marangu halianzi kufufuliwa na fundi, bali na kadi yake ya usajili. Kabla hujanunua hata betri, safisha namba ya chasisi, ambayo kwa magari mengi yenye fremu imegongwa kwenye fremu yenyewe, uisome herufi kwa herufi ukiilinganisha na kadi. Kisha fanya vivyo hivyo kwa namba ya injini, kwa kuwa si ajabu injini ya gari kuukuu kuwa ilibadilishwa bila TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kuarifiwa.

Kadi ikiwa na jina la marehemu, hakuna njia ya mkato. Familia hukaa kikao, muhtasari wake na cheti cha kifo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi wa mirathi akishateuliwa ndiye anayeomba TRA ihamishe umiliki, akiwa na kadi halisi, hati ya uteuzi wake na TIN (namba ya mlipakodi) ya atakayemilikishwa. Lipa kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali) pekee, usimkabidhi mtu fedha mkononi. Ada ya mwaka ya leseni ya gari isikutishe, kwani ilifutwa mwaka wa fedha 2017/18 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta. Faini za trafiki, hata hivyo, zitafute mapema kwa namba ya gari.

Karatasi zikishakaa sawa, fundi aitwe alifuate gari lilipo, maana mteremko wa kushukia mjini si mahali pa kujaribia breki zilizolala. Avue magurudumu yote, abadilishe mipira na oili ya breki, na amwage mafuta yaliyochacha tangini. Tairi zisikudanganye kwa meno yake: tarakimu nne za ubavuni, mathalani 1409, humaanisha tairi iliundwa wiki ya 14 ya mwaka 2009.

Bima, angalau ile ndogo ya kufidia watu wengine, ikatwe kabla gari halijagusa barabara, hata kama safari ni ya kwenda kukaguliwa tu. Mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani ataangalia breki, usukani, taa, honi, waipa na mikanda. Akikuta kasoro, mwombe aiandike, ili fundi arekebishe hiyo hiyo na si nyingine.