Namna ya Kudumu katika Kazi ya Kulinda Mazingira bila Kuvunjika Moyo

Anayejitolea kulinda mazingira huchoshwa na uchungu wa kuona anachokipenda kikiharibiwa kuliko anavyochoshwa na kazi yenyewe. Kwa hiyo anza kwa kuupa uchungu huo jina. Mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, aliuita solastaljia, yaani huzuni ya mtu ambaye hajahama kwao, bali mahali pake ndipo palipobadilika mbele ya macho yake. Usiuonee haya.

Kisha chagua eneo dogo unaloweza kulifikia kwa miguu, kama vile ukingo wa kijito, ulitembelee kila wiki na kuandika daftarini unachokiona: miche mingapi imeshika, maji yana rangi gani, ndege gani wamerudi. Anayeuona mche alioupanda ukitoa jani la tatu hupata nguvu ambayo takwimu za dunia nzima haziwezi kumpa. Fanya hivyo pamoja na wenzako, kwani upweke humaliza ari upesi. Epuka kuwasuta wasiojali (kishawishi ni kikubwa, nakiri), kwa sababu anayeaibishwa mara nyingi hujitetea badala ya kubadilika. Siku za mapumziko zipange mapema, kabla hujachoka.