Karai likiwaka, weka chini ndoo ya maji

Nakaanga samaki Ngamiani, hapa Tanga, mwaka wa kumi na tisa sasa. Asubuhi vibua, jioni changu, na siku jodari akipatikana kule Deep Sea kwa bei ya kushikika, basi na jodari. Karai langu huchukua lita 4 za mafuta ya alizeti. Jioni moja, wateja wamesimama, mafuta yalishika moto. Binti ya dada yangu akanyanyua ndoo ya maji na kuja nayo mbio. Nikamkemea kwa sauti ambayo sijamkemea nayo kabla wala baada ya siku ile. Akasimama. Nikafunga gesi, nikachukua sinia la bati, nikalitelezesha juu ya karai kuanzia upande wangu kwenda mbele, ili mwali uelekee kule na si usoni mwangu. Moto ukakata.

Nilijua la kufanya kwa sababu ya ami yangu, Mungu amrehemu, ambaye ujana wake wote ulikuwa kazi ya zimamoto. Alinifundisha kwa mshumaa, na wewe anza hapo hapo, kwa sababu ukishauelewa mshumaa umeelewa karibu kila moto wa nyumbani.

Washa mshumaa mahali pasipo na upepo. Uache dakika 2 au 3 mpaka nta iliyoyeyuka ituame kuzunguka utambi. Washa njiti ya kiberiti uishike tayari, halafu uzime mshumaa kwa pumzi ndogo. Utaona uzi mweupe wa moshi ukipanda kutoka kwenye utambi. Peleka njiti kwenye uzi ule, sentimita 3 hivi juu ya utambi, usiuguse utambi wenyewe. Mwali utashuka ukifuata moshi, na mshumaa utawaka tena. Ukichelewa hautashika, rudia. Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, alikuwa akiwaonyesha vijana jambo hili hili kule London katika karne ya 19.

Uzi ule mweupe ni nta iliyokuwa mvuke na sasa inaanza kuganda hewani. Maana yake ni kwamba kinachowaka kwenye mshumaa ni mvuke wa nta, si nta yenyewe. Kuni nazo ni hivyo hivyo: joto huzivunja, zikatoa gesi, na gesi ile ndiyo mwali unaouona. Mafuta ya karai pia. Mwali unakaa pale ambapo mvuke na hewa vinakutana vikiwa na joto la kutosha. Ondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, yaani mvuke, hewa au joto, na mwali hauna pa kukaa. Kazi yote ya kuzima moto ni kuchagua kipi ukiondoe, na moto tofauti una jibu tofauti.

Kwenye karai, ondoa hewa. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, na mwali wa kawaida hufa oksijeni ikishuka kufika 15 au 16 hivi. Kwa hiyo sinia halihitaji kuziba kama sufuria ya presha. Likifunika mdomo wa karai vizuri, moto unaila ile oksijeni kidogo iliyobaki chini yake, kisha unajizima wenyewe. Mfuniko mzito wa sufuria unafaa zaidi, lakini kioo hapana, kinaweza kupasuka.

Maji sasa. Tia kijiko cha mafuta kwenye glasi ya maji: mafuta yanaelea, maji yanakaa chini. Ukimwaga maji kwenye karai linalowaka, maji yanazama ndani ya mafuta. Yenyewe huchemka kwenye digrii 100, na mafuta yaliyoshika moto yamepita 300. Papo hapo yanageuka mvuke, na lita 1 ya maji ikiwa mvuke inataka nafasi ya lita 1,700 hivi. Mvuke huo unatoka chini kwa nguvu, unayarusha mafuta juu yakiwa matone madogomadogo, na kila tone linapata hewa pande zote. Moto uliokuwa wa karai unafika kwenye paa. Ule mlio wa chwaa unaousikia samaki mbichi akiingia mafutani hajakaushwa, na vile vitone vinavyokuchoma mkono, ni jambo hilo hilo kwa kiasi cha tone. Fikiria ndoo nzima.

Wengine hukimbilia unga. Usithubutu. Unga ukiwa vumbi hewani huwaka, kwa sababu kila chembe imezungukwa na hewa kama yale matone ya mafuta. Usilibebe karai kulitoa nje pia. Mafuta yatacheza, yatakumwagikia miguuni, na upepo wa mlangoni utakurudishia mwali usoni.

Na ukishafunika, usifunue. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwali umekufa kwa kukosa hewa, lakini mafuta bado yana joto la kujiwasha yenyewe bila kiberiti. Ukifunua baada ya dakika 2 kuangalia kama umezima, umeipa hewa nafasi ya kurudi, na moto unarudi nayo. Mimi siku ile niliwauzia watu mihogo, karai nikaliacha na sinia lake mpaka baada ya isha, nilipoweza kuligusa kwa mkono mtupu.

Dalili huja mapema kwa anayetazama. Mafuta ya kukaangia yanatosha yakiwa na digrii 170 au 180. Yakianza kutoa moshi mwembamba wa samawati, yamepita 200 na yanaendelea kupanda. Zima jiko wakati huo huo, na usiondoke. Tangu siku ile sinia langu linaning'inia msumarini, hatua moja kutoka jikoni, na halibebi kitu kingine.

Makuti ni habari nyingine kabisa, na hapo maji ndiyo dawa. Chukua njiti mbili za kiberiti. Washa ya kwanza uishike kichwa kikiwa juu: moto unashuka polepole, pengine unazima. Washa ya pili uielekeze kichwa chini: mwali unapanda kwenye mti wake na kukufikia vidole haraka, iachie mapema. Hewa ya moto hupanda, na kila kilichoko juu yake hupashwa joto kabla mwali haujafika. Paa la makuti lina jani juu ya jani, jembamba, kavu, hewa imejaa katikati. Gogo la mnazi utalihangaikia nusu saa kuliwasha. Kuti moja linashika kwa cheche, hasa miezi ya kaskazi, Januari na Februari, jua linapokausha kila kitu.

Maji yanafaa hapo kwa sababu yanakula joto. Wewe mpishi unalijua hili bila kuambiwa: sufuria ya maji hufika kuchemka mapema, lakini kuiacha ikauke kabisa ni kazi ndefu. Kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke kunataka joto zaidi ya mara 5 ya lile la kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu mpaka yachemke. Joto hilo lote linatolewa kwenye moto. Ndiyo maana maji ya kunyunyiza kwa kata au kopo, yakilengwa pale kinapoungulia kitu, hufanya kazi kuliko ndoo iliyorushwa kwenye mwali ikapita na kumwagikia upande wa pili. Lenga kinachoungua, usilenge mwali. Paa likiwa limeshashika sana, liache. Lowesha paa la jirani lililo upande upepo unakoelekea, na wenye nguvu wavute chini makuti yaliyo katikati kwa mti mrefu wenye ndoano. Hapo mnaondoa chakula cha moto. Na mtu asirudi ndani kufuata televisheni.

Petroli na mafuta ya taa huwekwa kundi moja, na kwa kweli havifanani. Mafuta ya taa, kwa joto letu la digrii 30 na kitu, hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapashwe au yapande kwenye utambi. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, na mvuke wake ni mzito, unatambaa chini usiuone. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Kila mtu pale alikuwa amesimama ndani ya mvuke. Ukiona petroli imemwagika, ondoka, ondoa na watoto. Mafuta ya taa yakimwagika na kuwaka sakafuni, mchanga wa ndoo unafaa. Maji yatayaeneza tu.

Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, uvunguni na mashimoni. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi ya umeme, si kuwasha wala kuzima, kwa sababu cheche yake inatosha. Mpira wa gesi ukiwaka, funga mkono kwa kitambaa kilicholowa na ufunge valvu kama inafikika. Usiupulize wala kuufunika moto huo huku gesi inaendelea kutoka: mwali utazima, gesi itajaa chumbani, na cheche inayofuata italipua nyumba. Kama valvu haifikiki, toeni watu wote mkae mbali. Kila ninapobadilisha mtungi hupaka povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta. Panapotoa mapovu panavuja.

Umeme: shusha meni swichi kwanza, maji hapana. Kizimamoto cha poda, chomoa pini, simama hatua kama 3, lenga kitako cha moto, bana, fagia kulia na kushoto. Kinaisha kabla ya nusu dakika, basi usikijaribu ukiwa mbali.

Mkaa hauna mwali kwa sababu mvuke wake uliishia kwenye tanuri. Umebaki kaboni inayowaka juu juu tu, pale hewa inapougusa, na ndiyo maana unaupepea. Ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wakati wa masika watu huingiza jiko ndani na kufunga dirisha ili wapate joto. Nawaomba sana, msilale nalo. Mtu akilala hapo haamki na kikohozi, haamki kabisa.

Mtu akishika moto nguoni asikimbie, kukimbia kunampelekea hewa. Alale chini, abiringike, afunikwe blanketi zito la pamba au gunia. Kisha maji ya bomba ya kawaida juu ya pale palipoungua, dakika 20 kamili kwa saa. Mimi niliwahi kupaka dawa ya meno mkononi, na muuguzi alipoiondoa ngozi ilitoka nayo. Msipake kitu. Nguo iliyogandia msiivute.

Na pigeni simu zimamoto, namba 114, mapema, kabla moto haujawashinda, si baada ya ndoo kuisha. Usiseme tu moto unawaka Ngamiani. Taja barabara ya ngapi, msikiti au duka gani liko jirani, kinachoungua ni nini, na kama kuna mtu ndani. Halafu mtume kijana akasimame njia panda awaongoze, kwa sababu gari kubwa haliingii kila uchochoro. Kwetu kazi hiyo ni ya binti ya dada yangu, yule wa ndoo. Ana tochi yake, na anajua kona ya kusimama.